Shaaban Robert na Fasihi ya Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, walimu na wapenzi wa ushairi huyarudia kila jina la Shaaban Robert linapotajwa. Mengine ni ya mtu anayemsikia kwa mara ya kwanza, mengine ni ya yule aliyekwisha kumsoma na ana ugomvi naye. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Mwanzo

1. Shaaban Robert alikuwa nani?

Alikuwa mshairi, mwandishi wa riwaya, wasifu na insha. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, katika kijiji cha Machui karibu na Tanga, akafariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53. Amezikwa Machui. Ameacha vitabu zaidi ya ishirini, na hakuna mwandishi mwingine wa Tanganyika ya wakati ule aliyegusa aina nyingi za maandishi kama yeye.

Alisoma shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, kati ya 1922 na 1926. Baada ya hapo akawa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini: kwanza idara ya forodha, Pangani na kwingineko, hadi 1944, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji wa ardhi, Tanga hiyo hiyo, hadi 1960. Ni vizuri kulikumbuka hili unapofungua kitabu chake chochote. Mtu huyu hakuwahi kuishi kwa kalamu. Aliandika barua za serikali mchana kutwa, na yaliyo yake akayaandika katika muda uliobaki.

2. Mbona anaitwa Robert, na alikuwa Mwislamu?

Robert ni jina la baba yake, kama ilivyo kwetu kwamba jina la pili la mtu ni la mzazi. Shaaban mwenyewe alikuwa Mwislamu, na maandishi yake yamejaa dua, Pepo na hofu ya Mungu. Hata hivyo alisema na watu wa dini zote. Ukisoma tenzi zake utaona anahimiza utu, haki na subira kwa namna ambayo Mkristo wa Peramiho hupokea sawasawa na Mwislamu wa Tanga, na hiyo ni sababu mojawapo ya vitabu vyake kuingia shuleni bila kipingamizi.

3. Je, alikuwa Mswahili wa asili?

Wazazi wake walikuwa na asili ya Wayao. Alizaliwa na kukulia pwani, Kiswahili kikawa lugha yake ya moyoni, lakini hakuwa mtoto wa koo za malenga wa Lamu, Pate au Mombasa ambako ushairi ulirithiwa nyumbani, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu na kusomwa kwa lahaja za kaskazini.

Wengine hulichukulia hili kama doa. Mimi naona ndiko ilikoanzia nguvu yake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, wakati Shaaban ni kijana wa miaka 21. Kiswahili hicho sanifu kilikuwa cha madarasani na maofisini, na wajuzi wa lugha pwani walikitazama kwa shaka, wakikiona kimekauka. Shaaban alikichukua hicho hicho, kwa herufi za Kirumi, akatunga nacho mashairi ambayo hata wajuzi hao walikiri kuwa ni mashairi.

4. Ndiye mwandishi wa kwanza wa Kiswahili?

Hapana, na kusema hivyo ni kuwadhulumu waliomtangulia. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga Mombasa karne ya 19. Mwana Kupona aliusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Nasir ilikuwa imekwisha kuwaliza watu kwa magofu ya Pate. Hata katika nathari, maandishi yasiyo ya ushairi, hakuwa wa kwanza: habari za maisha ya Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, zilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka 1934.

Alilokuwa wa kwanza kulifanya ni kuyachukua yote hayo mawili, ushairi wa mapokeo na nathari ya herufi za Kirumi, na kuyaweka katika mkono mmoja.

## Ushairi wake

5. Ushairi wake una upekee gani? Vina na mizani wanavyo wote.

Ni kweli, wanavyo wote. Yeye mwenyewe hakubishana na kanuni. Maelezo yake yanayonukuliwa sana ni kwamba wimbo ni shairi dogo, ushairi ni wimbo mkubwa, na utenzi ni upeo wa ushairi. Upekee haupo katika umbo, upo katika jinsi anavyoliamuru umbo lifanye kazi.

Chukua shairi la Amina, aliloomboleza kifo cha mkewe, linalopatikana katika Maisha Yangu. Linaanza hivi:

*Amina umejitenga, kufa umetangulia,*
*Kama ua umefunga, baada ya kuchanua*

Hesabu: mizani, yaani silabi, nane, kisha nane. Kina cha kati -nga, cha mwisho -a. Mpaka hapo ni kazi ya fundi yeyote. Lakini tazama neno *funga*. Katika mshororo wa pili ua limefunga, yaani petali zimejikunja na maisha yamekwisha. Mwisho wa ubeti neno hilo hurudi: *Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua*. Sasa kufunga si kufa tena, ni kufunga ndoa, kufunga ahadi, kufunga fundo. Kifo kimelifunga ua, na mapenzi nayo yamefungwa, lakini kifo hakina mkono wa kulifungua fundo hilo. Hayo yote kwa kitenzi kimoja cha silabi mbili ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakijua.

Hakuna neno gumu hata moja hapo. Ushairi uliotangulia ulijivunia msamiati wa kuchimbua, na mshairi alipimwa kwa maneno ambayo wengine hawakuyajua. Shaaban naye alipenda neno zito, lakini alipoumia kweli alitumia maneno ya kila siku. Wanafunzi wengi huambiwa wahesabu mizani za Amina kisha kengele inalia. Mwalimu akiwa na dakika tano za ziada, azitumie kwa neno *funga*.

6. Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili zinatofautianaje?

Zote ni wosia wa mzazi. Hati ameuelekeza kwa binti yake, Adili kwa mwanawe wa kiume. Umbo ni lile la kale: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, na kina cha mwisho kinachodumu tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kinachoitwa kina cha bahari.

Ukiusoma Hati baada ya Utenzi wa Mwana Kupona utaona nyuzi zinavyoungana, kwani mzazi anayeona umri umekwenda anamwachia binti maneno badala ya mali. Karibu karne nzima iko kati ya tenzi hizi mbili. Huo ndio urithi kwa maana yake halisi: Shaaban alipokea chombo kutoka kwa mama wa Siyu na Pate, akakifikisha Tanganyika. Kuhusu yale anayomwambia binti huyo, tazama swali la 17.

7. Utenzi wa Vita vya Uhuru unahusu uhuru wa Tanganyika?

La. Kosa hili ni la kawaida mno, na jina ndilo linalopotosha. Unahusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1939 hadi 1945. Uhuru unaotajwa ni ule ambao dunia iliambiwa inaupigania dhidi ya Hitler. Una beti zipatazo 3,000, na ulichapishwa 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki.

Wachache wameumaliza, na sehemu zake nyingine zinachosha kwa majina ya majenerali na mapigano. Lakini fikiria jambo lenyewe. Karani wa Tanga anachukua vita vya dunia nzima, kutoka Ulaya hadi Japani, anaviingiza katika umbo lililozoea kusimulia vita vya mwanzo wa Uislamu, na umbo linavibeba. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba kuna mambo ya dunia yaliyo makubwa mno kwa Kiswahili.

8. Msemo wa "titi la mama" ni wake?

Unatoka katika shairi lake la kukisifu Kiswahili, lenye wazo kwamba titi la mama ni tamu hata likiwa la mbwa, na jingine halikati hamu. Utalisikia kwenye hotuba, kanga na mijadala ya lugha ya kufundishia, mara nyingi bila jina la mtunzi. Kwangu hiyo ni dalili kubwa ya athari kuliko tuzo yoyote. Maneno ya mtu yakishasemwa na wasiomjua, yamekuwa mali ya watu wote.

Ni taswira yenye ujasiri pia. Mshairi mwoga angeifananisha lugha yake na asali au dhahabu. Shaaban, Mwislamu wa pwani, alimtaja mbwa, mnyama ambaye wasikilizaji wake walijitenga naye kwa ajili ya najisi, ili kusema kwamba upendo wa lugha ya mama hauombi ruhusa kwa mtu.

## Nathari

9. Kusadikika ni nchi gani?

Ni nchi iliyo angani, haipo kwenye ramani. Kitabu kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa siku kadhaa, na utetezi wake ni masimulizi. Nchi ilikwisha kuwatuma wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, kutafuta mema katika nchi nyingine. Kila mmoja alipata taabu njiani, akarudi na mapendekezo yenye faida, akaadhibiwa na watu wale wale aliowatumikia.

Wengi hukisoma kama dhihaka dhidi ya ukoloni, na usomaji huo una nguvu: mtumishi wa serikali asingeweza kuandika waziwazi kwamba watawala wanaogopa raia wajue sheria. Lakini usikifungie hapo. Kitabu kimeendelea kusomwa muda mrefu baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, na kila kizazi cha wasomaji kimemtambua Majivuno wake. Nchi ikiwekwa angani hakuna anayeweza kusema si kwake.

10. Kwa nini wahusika wake wana majina kama Majivuno, Hasidi na Utubora?

Kwa sababu anafuata njia ya hekaya, ambamo jina ni tabia. Katika Adili na Nduguze (1952), ndugu wawili waovu wanaitwa Hasidi na Mwivu, nao wanageuzwa manyani. Mfalme anayechunguza habari zao anaitwa Rai. Hadithi hiyo ina mizizi katika masimulizi ya Alfu Lela u Lela yaliyojulikana pwani siku nyingi. Msomaji wa leo, aliyezoea mhusika anayebadilika na kusitasita, huona watu hawa ni bapa. Lawama hiyo ina haki yake, na tumeirudia katika swali la 18.

Desturi yenyewe haikufa. Angalia tamthilia na riwaya ngapi za Kiswahili ambamo jina la mhusika ni ufunguo wa nafsi yake.

11. Wasifu na tawasifu zake zina umuhimu gani?

Mkubwa sana, ingawa ndizo zinazosahaulika. Katika Maisha Yangu (1949) mtu mweusi wa kawaida, asiye mfalme wala mfanyabiashara wa misafara, anayaona maisha yake yanastahili kitabu: ndoa, misiba, uhamisho wa kazi, watoto, umri unaosonga. Aliyaendeleza katika Baada ya Miaka Hamsini, na siku hizi viwili hivyo huchapishwa pamoja.

Wasifu wa Siti binti Saad ni wa namna hiyo hiyo. Siti alitoka Fumba, Unguja, katika ufukara, akauza vyungu, hakusoma shule, kisha akawa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Shaaban alipomwandikia wasifu alichagua mtu ambaye wakubwa wa mji wasingemchagua. Yeyote anayeandika leo habari za msanii wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili anatembea katika njia iliyofyekwa na kitabu hicho.

12. Mbona vitabu vingi vina mwaka wa baada ya kifo chake?

Kwa sababu wachapishaji walichelewa. Kufikirika kiliandikwa katika miaka ya 1940 lakini kilichapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Wakati wa uhai wake alihangaika sana na uchapishaji: Pambo la Lugha kilichapishwa Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, vingine vilikwenda London, na mwishoni mwa miaka ya 1950 vingine vilichapishwa Tanga kwenyewe, kama Insha na Mashairi.

Basi mwanafunzi anayepanga maendeleo ya mawazo yake kwa kufuata miaka ya kuchapishwa atapotea. Utakuta makala zinazosema alianza na Kusadikika kisha akaandika Kufikirika. Ukweli ni kinyume.

## Athari yake

13. Kwa neno moja, athari yake kubwa kuliko zote ni ipi?

Aliwaachia waandishi wa Tanzania lugha ambayo ilikwisha kujaribiwa. Kabla yake, kijana wa bara aliyetaka kuandika kwa Kiswahili sanifu alikuwa na vitabu vya dini, vitabu vya shule na gazeti la Mambo Leo. Baada yake alikuwa na riwaya, tawasifu, wasifu, insha, utenzi wa masuala ya kisasa, shairi la mapenzi, shairi la msiba, hata tafsiri ya Omar Khayyam kwa beti za Kiswahili. Kila umbo lilikuwa na mfano wa kuiga au wa kupinga.

Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, na Shaaban aliishi miezi michache tu ndani yake. Taifa lilipoamua kuwa Kiswahili ndiyo lugha yake, na kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka 1967, halikuanza na mikono mitupu. Swali "lugha hii inaweza kubeba fasihi?" lilikuwa limejibiwa. Julius Nyerere, ambaye naye alitunga mashairi, alipomfasiri Shakespeare kwa Kiswahili kuanzia 1963, alikuwa akiandikia wasomaji ambao Shaaban alikuwa amekwisha kuwazoesha Kiswahili cha fahari.

Siyo kazi yake peke yake. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikuwa akiandika wakati huo huo na kuipa ngonjera, ushairi wa majibizano, nguvu; Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni za utunzi katika kitabu chake cha 1954; Saadani Kandoro aliuingiza ushairi katika siasa. Lakini ukiwauliza washairi wa vizazi vilivyofuata nani aliwafanya washike kalamu, jina linalotangulia ni lile lile.

14. Kama athari yake ni kubwa hivyo, mbona Kezilahabi alimpinga?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu athari ya mwandishi huonekana zaidi kwa wanaopambana naye kuliko kwa wanaomsifu.

Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kudumu. Ukazuka mgogoro mkali. Upande mmoja walikuwa wanamapokeo, walioshikilia kwamba kisichokuwa na vina na mizani si shairi. Upande wa pili wanamabadiliko, waliosema pumzi ya shairi haipimwi kwa silabi. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaingia na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Katika mabishano hayo Shaaban alitajwa na kila upande: wengine kama hakimu wa sheria, wengine kama ukuta wa kurukwa.

Sasa tazama hili. Kezilahabi huyo huyo ndiye aliyeandika tasnifu ya chuo kikuu kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Hakumpinga kwa kutomjua, alimpinga kwa kumjua. Na riwaya zake za mwisho, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zimeachana na uhalisia, zikaingia katika nchi za mafumbo zisizo na ramani, na safari za mtu anayeutafuta ukweli. Mimi siwezi kuzisoma bila kuwaona wajumbe sita wa Kusadikika wakipita kwa mbali. Sisemi aliiga. Nasema mlango huo wa nchi isiyokuwapo ulikuwa umefunguliwa tangu 1951, na aliyekuja kuutumia kwa ujasiri zaidi ni yule aliyeonekana mpinzani.

15. Je, fasihi yote ya Tanzania imetoka kwake?

Hapana. Riwaya ya Unguja ina chemchemi yake. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akamleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili kali, na mazungumzo yanayonukia baraza za Zanzibar. Hapo hakuna wosia wala nchi za angani. Shafi Adam Shafi naye, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), anakwenda kwa uhalisia wa kitabaka. Ebrahim Hussein aliijenga tamthilia kwa kuchota historia na ngano.

Kumpenda Shaaban si lazima kuwe kumtwika kila kitu. Nje ya mipaka pia amesomwa, hasa Kenya ambako vitabu vyake vimefundishwa shuleni, lakini Mombasa na Lamu zina mkondo wao ambao haukumngoja.

## Maswali magumu

16. Alipokea nishani ya Mwingereza. Alikuwa upande wa wakoloni?

Alipewa MBE, nishani ya Dola ya Uingereza, na Tuzo ya Kumbukumbu ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Alikuwa mtumishi wa serikali na mjumbe wa kamati za lugha zilizoundwa na serikali hiyo. Haya hayafichiki.

Lakini upime na vitabu. Mtu aliyeridhika na utawala haandiki nchi ambamo kufundisha sheria ni kosa la jinai. Alichofanya ni kile ambacho washairi wa Kiswahili wamekifanya daima chini ya wenye nguvu: fumbo. Kuna wanaotamani angepaza sauti, na siwalaumu. Angepaza sauti, yaelekea vitabu vile visingechapishwa. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizokuja kuchapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mtu aliyefikiri sana juu ya riziki, familia na hatima ya maandishi yake. Zisome kabla ya kumhukumu.

17. Mawazo yake kuhusu wanawake yamepitwa na wakati?

Baadhi, ndiyo. Utenzi wa Hati unamtaka binti utii na subira katika ndoa kwa kipimo ambacho wasomaji wengi leo, wanaume kwa wanawake, hawakikubali. Mwalimu anayeufundisha asiupake rangi. Aache darasa libishane nao.

Ila usimpime kwa Hati peke yake. Mtu huyo huyo alimwandikia kitabu kizima Siti binti Saad (swali la 11), akamheshimu kama msanii, wala hakumwonyesha kama mke wa fulani. Sauti mbili hizi zimo ndani ya mwandishi mmoja na hazikupatanishwa.

18. Si anahubiri mno?

Anahubiri. Utubora, mhusika mkuu wa Utubora Mkulima, anaiacha kazi ya mshahara na kwenda kulima Busutamu, na msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba kulima kutashinda. Katika Siku ya Watenzi Wote, ambayo imewekwa Dar es Salaam, mazungumzo mengine ni hotuba zilizovishwa majina ya watu. Ukija kwake ukitafuta mashaka na nafsi zilizogawanyika, utaondoka na njaa.

Kinachomwokoa ni sentensi. Hata anapoonya, anaonya kwa lugha iliyopimwa, yenye mizani hata katika nathari. Wengi waliomfuata walirithi mahubiri wakaacha ufundi, na hiyo ni sehemu ya athari yake ambayo haikutusaidia. Miaka mingi diwani za Kiswahili zilijaa nasaha zenye vina kamili na hisia kavu.

## Kumsoma na kumnukuu

19. Nianzie wapi?

Anza na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ni chepesi, kina mashairi ndani yake, na utamjua mtu kabla ya mwalimu. Kisha Kusadikika. Kisha Adili na Nduguze kama una watoto wa kuwasomea kwa sauti. Tenzi ziache mpaka sikio lako limezoea, na Vita vya Uhuru usome kwa vipande. Vitabu vyake kadhaa vimetolewa upya Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, kwa hiyo si lazima uwinde matoleo ya zamani ya mchapishaji Nelson.

20. Baadhi ya maneno yake siyaelewi. Nifanye nini?

Kwanza soma kwa sauti, ubeti mzima, bila kusimama. Mara nyingi neno gumu linaeleweka kwa majirani zake. Likikataa, huenda ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo limepungua matumizi, au neno lililofupishwa ili mizani itimie, kama kiambishi kilichoachwa au *yangu* iliyoambatishwa kwenye nomino. Wanafunzi huita hilo makosa. Kwa mshairi ni inkisari, ruhusa ya kale ya utunzi.

21. Nimekutana na nukuu yenye jina lake mtandaoni. Nitajuaje ni yake?

Uliza imetoka kitabu gani. Nukuu nyingi zinazozunguka zikiwa na picha yake hazitaji kitabu, na nyingine ni nasaha za kawaida zilizobandikwa jina kubwa ili zipate uzito. Hata mistari yake ya kweli huzunguka ikiwa imebadilishwa neno hapa na pale, ule wa titi la mama ukiwa mfano mzuri.

Kama inasemekana ni mshororo wa shairi, hesabu silabi. Shaaban hakuwa mtu wa kupoteza mizani. Kipande kinachodaiwa ni cha utenzi wake kikikupa saba au tisa, hesabu tena. Kikikupa hiyo hiyo, kuna mtu amekigusa, au hakikuwa chake. Kisha kifungue kitabu.